Kabla ya kuiondoa swichi ya injini, ipime kwanza

Na Mwandishi Wetu

MASHINE ya kusaga inapozimika ghafla katika kijiji chochote cha Ufipa, foleni ya madebe ya mahindi haisogei tena. Akina mama waliodamka alfajiri hulazimika kumsubiri fundi, kujitwika mizigo yao hadi kijiji cha jirani, au kurejea kwenye kinu na mchi.

Katika hali hiyo, fundi anayefika na kuiwasha injini ndani ya dakika tano huonekana shujaa. Mara nyingi alichokifanya ni kuchomoa waya wa swichi ya usalama na kuuacha ukining'inia, au kuziunganisha nyaya mbili ili umeme upite bila kizuizi. Mafundi huita kazi hiyo "kupiga dairekti".

Injini huwaka, mwenye mashine hulipa na kushukuru. Lakini tangu saa hiyo injini ile haina mlinzi. Siku oili itakapopungua au maji yatakapochemka, haitajizima tena. Itaendelea kuzunguka hadi inoki.

Jambo hili si dogo kwa Rukwa, mkoa ambao pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma umekuwa ukitegemewa na Taifa kwa mahindi. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukitumia umeme ulionunuliwa kutoka Zambia na ule wa majenereta ya dizeli. Hivyo basi, injini ya dizeli ni mwenyeji wa siku nyingi katika uwanda huu: imesaga, imesukuma maji na imewasha taa pale umeme ulipokatika.

Injini za zamani za silinda moja, zilizowashwa kwa kuzungushwa hendeli, hazikuwa na swichi za aina hii. Msagaji alitegemea masikio yake na rangi ya moshi. Injini nyingi zilizokuja baadaye, hasa za majenereta, zimewekewa walinzi wawili: swichi ya presha ya oili na swichi ya joto la maji.

Zinavyofanya kazi

Swichi ya oili ya aina iliyozoeleka huwa na waya mmoja tu, kwa kuwa chuma cha injini chenyewe ndiyo ethi yake. Injini ikiwa imesimama, swichi hiyo hugusa ethi. Presha ikipanda, huachia. Presha ikishuka, hugusa tena na kutoa amri ya kuzima.

Swichi ya joto hufanya kinyume chake. Maji yakiwa ya baridi huwa imeachia, na yakipita kiwango kilichowekwa kiwandani hugusa ethi.

Amri hizo hufika kwenye solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayofungua na kufunga njia ya dizeli. Hapa kuna tofauti ambayo kila mwenye injini hana budi kuijua. Zipo injini ambazo solenoidi yake huhitaji umeme muda wote ili injini iendelee kuzunguka. Hizo waya ukikatika huzima, na japo ni kero, ni salama. Zipo pia ambazo solenoidi hupewa umeme wakati wa kuzima tu. Hizo waya ukikatika, injini haionyeshi dalili yoyote. Huendelea na kazi bila ulinzi.

Kwa sababu hiyo, injini isiyozimika haithibitishi kwamba swichi ni nzima. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa: fungua ufunguo kabla ya kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda glopu imeungua, waya umekatika au swichi imekufa.

Je, swichi inasema kweli?

Kosa kubwa la mafundi wengi ni kuanza na nyaya. Swali la kwanza ni kama swichi imezima injini kwa haki. Angalia kiwango cha oili kwenye kijiti chake, maji kwenye rejeta, mkanda wa feni na mapezi ya rejeta, ambayo katika chumba cha kusagia huzibwa upesi na vumbi la unga.

Kisha ifunguliwe swichi ya oili na mahali pake pafungwe geji ya presha isiyotumia umeme. Injini iwashwe kwa muda mfupi, fundi akiwa tayari kuizima kwa mkono. Swichi nyingi za oili hugeuka presha inapokuwa karibu nusu bar hadi bar moja, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini husika. Geji ikionyesha presha ndogo, tatizo si umeme, na kazi ya nyaya iishie hapo.

Kwa upande wa joto, Ufipa ina jambo lake. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta huzuia hali hiyo kwa kuyabana maji yasichemke mapema.

Kifuniko kikilegea, au kikipotea na tundu likazibwa kwa kitambaa, maji huchemka na kumwagika kabla ya swichi iliyopangiwa nyuzijoto karibu 100 kushituka. Yakipungua hadi chini ya swichi, ncha yake hubaki kwenye mvuke na hewa, nayo huweza kuchelewa kutoa amri hadi gasketi imeungua. Hivyo, katika nyanda za juu kifuniko kizima ni sehemu ya ulinzi sawa na swichi yenyewe.

Muda wa kuzimika ni dalili

Injini inayowaka kisha kuzima baada ya sekunde chache huelekeza macho kwenye mzunguko wa oili, kwa kuwa mitambo mingi huipa oili sekunde hizo ipande kabla ya kuanza kuilinda. Inayozima baada ya nusu saa ya kazi nzito huelekeza kwenye joto. Inayozima ovyo, hasa inapotikisika, aghalabu ina waya uliolegea au uliochubuka.

Iwapo geji imethibitisha kuwa presha ipo, irudishe swichi mahali pake, chomoa waya wake na uwashe tena, huku ukiwa karibu na mkono wa kuzimia. Kwa swichi ya waya mmoja iliyoelezwa hapo juu, injini ikiendelea kuzunguka, swichi ndiyo mbovu. Ikizima bado, waya umegusa chuma mahali fulani, au kasoro iko kwenye rilei au kisanduku cha kuongozea.

Usidanganywe na kipimo cha haraka. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, lakini ukashindwa kuibeba solenoidi. Ndiyo maana umeme hupimwa kifaa kikiwa kazini. Betri ikitoa volti 12 na solenoidi ikapokea 9, volti 3 zimepotea njiani, na njia hiyo ndiyo ya kukaguliwa: vichwa vya betri, kishikizo cha fyuzi, ufunguo na ethi.

Ethi ndiyo husahaulika zaidi. Kutu, rangi iliyopakwa juu ya boliti, au unga uliolowa unyevu wa masika hutosha kuidhoofisha. Kuikwangua na kuikaza ni kazi ya dakika chache.

Fyuzi iliyoungua nayo isibadilishwe na kipande cha waya. Ikiungua mara ya pili, kuna shoti, na katika chumba chenye magunia na vumbi la unga shoti ni moto.

Wenye mashine wengi huishi mjini na kuletewa taarifa kwa simu kwamba "fundi ameshamaliza". Ni vyema wakauliza maswali mawili: presha ilisoma ngapi, na je, swichi imeunganishwa tena? Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la mashine pamoja na tarehe.

Swichi ya oili ni kifaa kinachoenea kiganjani, na bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kuchonga krenkishafti na kununua beringi mpya. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Swichi inapoizima injini imeleta ujumbe, na kazi ya fundi ni kuuchunguza kabla ya kumnyamazisha aliyeuleta.