Katika Ufuo wa Dunga, Nani Mwenye Nafuu?

Swali la nani mwenye nafuu ya maisha, mwanamume au mwanamke, si geni katika nyumba za Waislamu. Wafasiri wa Qur'ani wamepokea kwamba Mama wa Waumini, Ummu Salama (R.A.), alimwelekea Mtume (S.A.W.) na neno la namna hiyo: wanaume huenda vitani na wanawake hawaendi, na katika mirathi wanawake hupata nusu. Kwa mapokezi hayo, ndipo ikateremshwa aya ya 32 ya Suratun-Nisaa, ambayo hutukataza kutamani yale ambayo Mwenyezi Mungu amewazidishia baadhi yetu juu ya wengine, kisha ikathibitisha kwamba mume ana haki yake katika chumo lake, na mke ana haki yake katika chumo lake. Barazani aghalabu hushikwa sehemu ya kwanza ya aya hiyo na mazungumzo yakafungwa hapo. Sehemu ya pili haisemwi sana. Nayo ndiyo yenye swali zito: chumo la mwanamke, je, humfikia mkononi?

Ili kulijibu tumechagua mahali palipo mbali na bahari yetu, lakini ambapo maisha ya wavuvi hayatakuwa mageni kwa msomaji wa Lamu, Vanga au Tumbatu. Dunga ni kijiji cha wavuvi kilometa chache kusini mwa jiji la Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, kando ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo na Wakristo. Hata hivyo, reli iliyoanzia Mombasa iliishia Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na tangu hapo jamaa zetu wengi wameishi mji huo, na samaki wa ufuo huo wamekuwa kitoweo chao.

Pale Dunga kazi ya mume na kazi ya mke zimetengwa na mstari uonekanao kwa macho: ukingo wa maji. Ziwani ni kwa wanaume. Kwa desturi ya zamani mwanamke hakupanda chombo cha uvuvi, ikiaminiwa kwamba angeleta mkosi, na ingawa siku hizi wako wanawake wachache katika mwambao huo wanaovua wenyewe, bado hutazamwa kama ajabu. Nchi kavu ni kwa wanawake. Samaki akishatupwa mchangani huwa mali ya biashara yao: kupara, kukausha, kukaanga, kubeba kichwani na kuuza.

Tuanze na mume, kwa kuwa shida yake ndiyo ionekanayo upesi. Omena, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita dagaa, huvuliwa usiku wa giza, wakati ambapo mwezi haujashindana na taa. Mashua hutoka jioni, taa zikaelea juu ya maji, omena wakafuata mwanga, wavu ukavutwa. Kwa bahati mbaya usiku ndio wakati wa tufani katika ziwa hilo. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu za pande zote na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na hapo hupanda mawingu ya radi. Mabaharia wetu wanaujua mgeuko huo, ila wao wana bahari pana ya kuuchukua. Ziwa zima lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, likizungukwa na nchi kavu pande zote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaoangamia kila mwaka katika maji hayo, kwa nchi zote tatu. Wengi wao ni wavuvi wadogo, na wengi hawakuvaa jaketi la kuokolea.

Na asipokufa, hatajiriki. Mvuvi wa Dunga mara nyingi si mwenye chombo. Mwenye chombo huchukua fungu lake, gharama za mafuta na chakula zikatolewa, kinachobaki wakagawana mabaharia. Gugumaji likiziba ghuba, hata kutoka hakutoki. Anayedhani kwamba kuzaliwa mwanamume ni kuzaliwa na raha, na aulize bei ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Sasa tuje kwa mke, na hapa tutakaa zaidi kidogo. Alfajiri mashua zinaporudi, wanawake huwa wamekwisha kufika, kila mmoja na beseni lake. Walio wengi hawana mtaji wa kutosha, na samaki hawatoshi. Tangu biashara ya mbuta, yule sangara mkubwa, iliposhika kasi katika miaka ya 1980, viwanda vya minofu ya kusafirishwa ng'ambo vilinunua samaki walio bora, na mwanamke akaachiwa mabaki. Kisumu mabaki hayo yana jina la Kiswahili safi: mgongo wazi. Ni mifupa ya mbuta baada ya minofu kuondolewa, kichwa na mkia vikiwa bado vimeshikana. Wanawake wa mtaa wa Obunga huyanunua, huyakaanga juu ya moto wa kuni katika moshi uumizao macho, na kuyauza kwa maskini wenzao. Tumelitaja jina hilo kwa sababu linasema mengi kwa maneno mawili.

Kubwa kuliko moshi ni jambo ambalo gazeti la nyumbani hulitamka kwa haya, lakini haifai kulinyamazia. Samaki wanapokuwa wachache na wanunuzi wengi, mvuvi ndiye anayechagua nani auziwe. Katika mwambao huo imeota mizizi desturi iitwayo kwa Kijaluo jaboya: mwanamke hupewa nafasi ya kununua kwa masharti ya kumridhisha mvuvi kwa mwili wake. Tazama vizuri: hapewi samaki bure. Hununua kwa fedha yake, na juu ya fedha hutozwa utu wake. Kaunti za ufuoni huko zimekuwa miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini Kenya, na desturi hiyo ni mojawapo ya njia zake.

Watasema wako wanaokubali kwa hiari. Mwandishi wa makala hii haoni hiari kwa mjane mwenye watoto wanne na beseni tupu. Mwanamke huyo huweza kuwa mjane wa mvuvi yuleyule aliyemezwa na tufani, maana hasara ya mume ziwani humrudia mke nchi kavu.

Ndipo twaona tofauti ilipo. Ukipima jasho, mume na mke wa Dunga wanakaribiana, na kwa hatari ya kifo cha ghafula mume hata amezidi. Lakini hatari ya mume hutoka kwenye upepo, nao haumchagui mtu wala haumtaki ajidhalilishe. Akifa, ufuo wote humlilia. Hatari ya mke hutoka kwa mwanadamu mwenziwe aliyeshika alichokihitaji yeye. Akidhurika huitwa malaya, na aliyemdhuru huitwa mvuvi. Hata baharia fukara asiyemiliki ubao mmoja wa mashua, akishuka mchangani na samaki mkononi huwa bwana kwa saa moja. Mwanamke hana saa hiyo. Kwa sababu hiyo jawabu letu, kwa Dunga, ni kwamba maisha ya mke ni magumu zaidi, na ugumu wenyewe unatokana na nani mwenye chombo.

Historia yetu ina mfano ulio kinyume chake. Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) hakusafiri na misafara ya Sham. Mali ilikuwa yake, na wanaume ndio waliosafiri kwa ajira yake, akiwemo Muhammad (S.A.W.) kabla ya utume. Hakuna aliyeweza kumwekea masharti ya haramu pale bidhaa ziliporejea Makka, kwa kuwa bidhaa zilikuwa zake tangu zilipotoka.

Wanawake wa ufuo wa Nduru, katika Kaunti hiyohiyo ya Kisumu, walifuata njia inayofanana na hiyo pasipo kuisoma kwetu. Mwaka 2011 walianzisha kikundi kilichotangaza waziwazi kwamba hawatalipa tena samaki kwa miili yao. Kwa msaada kutoka Marekani wakapata mashua zao, wakawaajiri wanaume kuvua, na samaki wakawa wao kabla hawajafika mchangani. Habari zao zilisikika duniani. Kisha mwaka 2020 ziwa likapanda, likavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mafuriko yakawafukuza watu wa Nduru majumbani mwao. Mashua ni mbao, na mbao huoza. Bila akiba ya kununua nyingine, mwanamke hurudi kusimama alfajiri na beseni.

Wala sisi wa Pwani tusijione tumepona. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Unguja mwaka 1989, wanawake ndio waliokishika, na kikawapa fedha walizozitia mkononi wenyewe. Siku hizi maji ya pwani yamepata joto, mwani ulio bora haustawi tena karibu na ufuo, na hutakiwa kupandwa kwenye kina. Huko kwenye kina kunahitajika kuogelea na kunahitajika chombo.

Kila mwaka, tangu Aprili hadi Julai, serikali ya Kenya hufunga uvuvi wa omena ili wazaliane. Nyavu za omena huanikwa na kushonwa, na chini ya miti ya ufuoni wanaume hucheza ajua, bao la Kijaluo. Wanawake hukosa omena kama wao. Lakini wakati huo wengine huwa kwenye kinamasi wakikata mafunjo ya kusukia mikeka, wengine wamekwenda sokoni kutafuta omena walioletwa kutoka nchi jirani, wengine wanauza sukuma wiki kando ya barabara, na magharibi ikifika chungu cha nyumbani huwa kinawangoja wao.