KIZUIZI CHA MPIRA: KINGA YA JINO NA YA KOO



Wengi wetu tumezoea kwamba jino likiuma sana, dawa yake ni kung'olewa. Lakini mahali penye daktari wa meno na vifaa, jino laweza kuokolewa hata kama uozo umefika kwenye kiini chake. Tiba hiyo huitwa tiba ya mzizi wa jino. Jambo la kusikitisha ni kwamba wapo wagonjwa wanaoikataa tiba hiyo ikiwa katikati, si kwa sababu ya maumivu, bali kwa sababu daktari amewatandazia mpira mdomoni. Mama mmoja aliniambia, "Sista, nilidhani wananiziba pumzi." Mwezi huu tuone mpira huo ni nini, na kwa nini tusiukatae.

Mpira huu ni nini?

Ni kipande chembamba cha mpira, cha mraba, chenye sentimita 15 hivi kila upande. Daktari hukitoboa tundu dogo, hulipitisha jino linalotibiwa katika tundu hilo, kisha hukishikiza kwa kibanio kidogo cha chuma kwenye shingo ya jino. Kingo za mpira huvutwa juu ya fremu iliyo nje ya mdomo. Jino hubaki limechomoza peke yake. Ulimi, mashavu, mate na koo, vyote hubaki nyuma ya mpira.

Aliyeanzisha jambo hili ni daktari wa meno wa New York, Marekani, aitwaye Sanford Barnum, mwaka 1864. Wakati ule meno yalizibwa kwa dhahabu, na dhahabu haikushika vizuri mahali penye mate. Kwa Kiingereza kifaa hiki kina jina moja na boma la kuzuia maji mtoni. Jina hilo linakifaa, maana kazi yake ni hiyo hiyo: kuzuia maji yasifike mahali yasipotakiwa.

Kinafanya kazi gani?

Kwanza, kinazuia mate. Mate yana vijidudu vingi mno. Katika tiba ya mzizi daktari hutoboa jino, huondoa kiini kilichooza na kusafisha njia nyembamba za ndani ya mizizi, kisha huzijaza na kuziziba. Tone moja la mate likiingia humo kabla ya kuziba, vijidudu huingia pamoja nalo. Baada ya miezi jino huvimba tena, na gharama yote imepotea.

Pili, kinalinda koo. Njia za mizizi husafishwa kwa vijichuma vyembamba kama sindano, vyenye urefu wa sentimita mbili au tatu tu. Vidole vya daktari vina glavu zenye maji, na kijichuma chaweza kuponyoka. Kikimezwa, mara nyingi hutoka chenyewe kwa haja kubwa, ingawa huweza kukwama tumboni. Kikivutwa kwa pumzi kikaingia katika mapafu, ni hatari kubwa, na mgonjwa hulazimika kupelekwa hospitali kubwa ili kitolewe. Penye kizuizi, kijichuma kikiponyoka huanguka juu ya mpira.

Tatu, kinazuia dawa. Mizizi huoshwa kwa dawa ya klorini, ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo huunguza ngozi laini ya mdomo na koo.

Kuna faida nyingine ambayo wengi waliitambua mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Mashine ya kutoboa jino hurusha matone madogo hewani. Mpira ukiwa umetandazwa, matone yenye mate hupungua, na hivyo daktari, muuguzi na mgonjwa anayefuata hupata kinga zaidi. Vyama vya wataalamu wa tiba ya mizizi vya Ulaya na Marekani vimeeleza wazi kwamba tiba hiyo ifanywe kwa kutumia kizuizi cha mpira.

Hata mito huzuiwa kwa mpira

Msomaji asishangae kwamba kipande laini hivi chaweza kutegemewa. Wahandisi nao wanazuia mito kwa mpira. Katika miaka ya 1950 mhandisi wa Los Angeles, Norman Imbertson, alibuni boma la mfuko wa mpira unaolazwa kukingama mto na kujazwa maji au hewa ili uinuke. Ukipunguzwa, hulala chini na mafuriko hupita. Huko Uholanzi, mahali paitwapo Ramspol, tangu mwaka 2002 kuna mifuko mitatu mikubwa ya namna hiyo. Siku za kawaida hulala chini ya maji na meli hupita juu yake. Dhoruba ikija hujazwa hewa na maji, nayo huinuka kuilinda nchi.

Lakini mpira una adui: jua, joto na umri. Katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, ziwa la mjini lilizuiwa kwa mifuko ya mpira tangu mwaka 1999. Arizona ni nchi ya jua kali na ukavu. Usiku wa tarehe 20 Julai 2010 mfuko mmoja ulipasuka, na karibu maji yote yakaondoka. Mwaka 2016 mifuko ile ilikuwa imebadilishwa kwa milango ya chuma.

Somo hilo linatuhusu sisi wa hospitali pia. Mpira wa meno, kama glavu, huwekwa mahali pa baridi, gizani, na una tarehe ya mwisho wa matumizi. Uliokaa dirishani juani huchanika ukivutwa. Tena kipande kimoja ni cha mgonjwa mmoja, kisha hutupwa. Kibanio cha chuma ndicho huoshwa na kuchemshwa kwa mvuke ili kitumike tena.

Maswali tunayoulizwa

Je, nitapumuaje? Kwa pua. Mpira haufuniki pua. Ukiwa na mafua makali, mwambie daktari kabla hajaanza.

Na mate yangu? Yameze kama kawaida. Muuguzi pia atayavuta kwa mrija.

Nikitaka kusema? Inua mkono, daktari atasimama.

Je, kinauma? Ganzi huchomwa kwanza. Baadaye ufizi waweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili.

Ushauri

1. Kama glavu, baluni au vitu vingine vya mpira hukuwasha au kukuvimbisha midomo, sema mapema. Mpira wa kawaida hutokana na utomvu wa mti, na wapo wenye mzio nao. Upo mpira wa aina nyingine kwa ajili yao.

2. Kabla ya tiba ya mzizi, muulize daktari kwa heshima: "Daktari, utaniwekea kizuizi cha mpira?" Kuuliza si utovu wa adabu.

3. Wazazi, mwelezeni mtoto nyumbani kwamba jino lake litavaa koti la mvua. Mtoto aliyeelezwa hatapambana na daktari.

4. Ukihisi kitu kimekuponyoka kooni wakati wa tiba, au ukianza kukohoa ghafla, usiondoke kimya. Sema hapo hapo, upigwe picha ya eksirei.

Jino la kudumu likishang'olewa halioti tena. Basi tukipata nafasi ya kuliokoa, tuvumilie mpira ule kwa saa moja.