Mgeni Aalikwapo Vugoni

Dada msomaji, ukisafiri Lamu na kualikwa arusini, huenda ukaona haya, kwani humjui hata mmoja. Vugo litakuondolea ugeni. Katika ngoma hii wanawake hushika pembe na kuzigonga kwa vijiti, huku wakimwimbia bibi arusi na jamaa zake. Mmoja huanza, wengine huitikia. Kwa hivyo mgeni hana budi kusikiliza kabla ya kufungua kinywa, na hapo ndipo kujuana huanzia.

Lakini mlango huu una adabu zake. Ngoja ukaribishwe, usijitie mbele. Uliza maana ya maneno, kwani nyimbo za arusi hubeba sifa, wasia na mafumbo. Zaidi ya yote, tia simu mkobani. Wenyeji wako waliovua mabuibui ndani ya ua wamefanya hivyo kwa kuwa wamo miongoni mwa wanawake wenzao. Picha moja ikitoka nje, umevunja amana ya watu waliokulisha.

Rudi kwenu bila picha, lakini urudi na majina: la aliyekupa pembe, na la aliyekufunza kiitikio. Hao ndio utakaowaulizia safari ijayo, Inshallah.