Woody Strode: uso tulioujua, jina tusilolijua

Sisi tuliokulia Mombasa enzi zile sinema zikijaa hadi wengine wakasimama ukutani, tulikuwa na kanuni moja: stelingi hafi. Akipigwa risasi itampata begani. Akianguka kwenye farasi atainuka, apanguse vumbi, aokote kofia yake. Wa kufa ni adui, na kabla ya adui hufa wafuasi wake. Basi siku nilipoiona Once Upon a Time in the West kwa mara ya kwanza, akatokea mwanamume mweusi mrefu, kifua kipana kama mlango wa jumba la Mji wa Kale, yuko stesheni ya treni na bunduki fupi mkononi, nikamgusa mwenzangu kwa kiko. Nikamwambia, leo stelingi ni wetu.

Hakufika mbali. Wanaume watatu wanangojea treni, kila mmoja na lake. Mmoja anasumbuliwa na nzi, mwingine anavunja vidole. Huyu wetu amesimama chini ya tangi, tone la maji linamdondokea kichwani. Hasogei. Anavaa kofia, anaacha matone yajae ukingoni, kisha anaivua na kunywa yale maji taratibu. Hasemi neno. Treni inakuja, Charles Bronson anashuka na kinanda chake cha mdomo, risasi zinalia, wote watatu chali. Wenzangu walinicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi barazani kijana mmoja alituambia kwamba kauboi mweusi ni uzushi wa siku hizi, kitu kilichobuniwa na watengeneza sinema wa sasa ili kuwaridhisha watu. Alisema kwa uhakika kabisa, na wazee wawili wakaafiki. Nikamwambia, mwanangu, keti, kahawa ya pili nalipa mimi.

Mwanamume yule wa tone la maji aliitwa Woody Strode. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, akakua hadi futi sita na inchi nne, na sinema haikuwa kazi yake ya kwanza. Alikuwa mwanamichezo wa chuo kikuu cha UCLA, akacheza ile futiboli ya Kimarekani ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, timu moja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Ligi kuu ya mchezo huo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu 1934 hadi 1945. Haikuandikwa katika sheria popote. Ni wenye timu tu walioelewana. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikataka kutumia uwanja wa umma, na watu wakauliza: uwanja umejengwa kwa kodi ya wote, mbona wachezaji ni wa rangi moja? Ndipo wakaandikwa Washington na Strode. Strode alikuwa na miaka 31, magoti yameshaanza kuchoka. Akacheza msimu mmoja wakamwacha. Akavuka kwenda Kanada, na mwaka 1948 akatwaa kombe na timu ya Calgary iliyomaliza mwaka bila kufungwa. Akarudi akawa mwanamieleka. Huko kote sinema ilikuwa kibarua cha pembeni: mlinzi wa mfalme hapa, shujaa wa kabila fulani pale, mara nyingi kifua wazi.

Mwaka 1960 ndio uliombadilishia mambo. Katika Spartacus alikuwa Draba, Muhabeshi anayelazimishwa kupigana na Kirk Douglas kwa mkuki wa meno matatu na wavu. Anashinda, anaweza kuua, anakataa; anaurusha mkuki kule walikoketi mabwana wa Kirumi kisha anapanda kuwafuata. Anauawa palepale. Anaonekana dakika chache tu, lakini aliteuliwa kugombea tuzo ya Golden Globe.

Mwaka huohuo mwelekezi John Ford alitengeneza Sergeant Rutledge, na hapa ndipo nilipomwambia yule kijana asikilize vizuri. Rutledge ni sajini wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi, kikosi cha kweli kilichoundwa mwaka 1866 kwa askari weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani punde tu. Anasingiziwa kumnajisi na kumuua msichana wa kizungu. Kampuni ilitaka Sidney Poitier au Harry Belafonte, waliokuwa na majina makubwa. Ford akashikilia Strode, akitaka mtu anayeonekana kweli ameishi juu ya tandiko. Kuna mahali Rutledge ameshatoroka, yuko huru, lakini anarudi mbio, anavuka mto juu ya farasi ili kuwaonya wenzake kwamba kuna shambulio. Strode aliendesha mwenyewe. Baadaye alisimulia kwamba alihisi amewabeba watu weusi wote mgongoni kuvuka mto ule.

Sasa kaangalie orodha ya waigizaji. Filamu imeitwa kwa jina la mhusika wake, naye ndiye anayeibeba, lakini jina linalotangulia ni la Jeffrey Hunter, aliyecheza wakili wake. Mwaka 1966 ikaja The Professionals, kazi ya wanaume wanne waliokodiwa kuvuka hadi Mexico. Burt Lancaster, Lee Marvin na Robert Ryan wakatangulizwa kwa herufi kubwa. Wa nne, Strode, hakuwa nao pale juu. Hesabu mwenyewe.

Lakini ninayoipenda mimi kuliko zote ni The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962. Humo yeye ni Pompey, mtumishi wa John Wayne, na mtu angeweza kusema ni kazi ndogo. Darasani anaombwa aeleze Azimio la Uhuru la Marekani, naye anasahau sehemu moja tu: ile ya watu wote kuumbwa sawa. Mwalimu wake, James Stewart, anamwambia asijali, wengi huisahau. Baadaye mwenye baa anakataa kumhudumia. Ford hakuhubiri, aliviweka viwili hivyo akaendelea na hadithi. Kazini kwenyewe alikuwa na vituko: Strode alisimulia kwamba Ford alimchokoza Wayne kwa kumwambia huyu ndiye mchezaji futiboli wa kweli, mpaka wakaribie kupigana. Hata hivyo Ford alipokuwa anakufa mwaka 1973, Strode alikuwa pale kitandani.

Kwa riziki ilibidi aende Italia mwishoni mwa miaka ya sitini. Huko ndiko alikopewa kuwa mkuu wa filamu nzima, Seduto alla sua destra ya 1968, akiigiza kiongozi Mwafrika aliyechorwa kwa mfano wa Patrice Lumumba wa Kongo.

Na kuhusu kauboi weusi: wanahistoria wengi hukadiria kwamba pengine mmoja katika kila wanne waliosukuma ng'ombe kule Texas na magharibi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa mweusi. Walikuwapo. Sinema ndiyo iliyowafuta, na ikishakufuta kwa miaka hamsini, anayekurudisha huonekana ndiye mzushi. Mwaka 1993 Strode, mzee wa karibu miaka 80, aliketi mbele ya kamera katika Posse kama msimulizi, akiwaeleza watazamaji jambo hilohilo.

Alifariki tarehe 31 Desemba 1994 kwa saratani ya mapafu. Mwaka uliofuata ikatoka Toy Story, ile katuni ya wanasesere, na yule kauboi wake mkuu, Woody, waliomtengeneza wamesema jina lilitokana na Woody Strode. Mjukuu wangu ana begi la shule lenye picha yake. Nimemwonyesha ile stesheni na lile tone la maji. Akaniuliza kwa nini hakuikwepa tu ile sehemu inayovuja.