Vibati vya Pombe: Fedha Isiyovuka Kizingiti

Neno "ensimbi", lisikikalo kila siku katika masoko ya Jinja kwa maana ya fedha, asili yake ni simbi, yaani kauri za baharini. Zamani simbi zilitobolewa, zikatungwa mia mia katika uzi, nazo zilipokewa na kila muuzaji. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilikoma kuzipokea kwa kodi, na rupia ikashika nafasi yake.

Huko Uingereza, katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), palikuwapo kitu kilichofanana na fedha lakini hakikuwa na uwezo huo. Wenye vilabu vya pombe, hasa katika mji wa Birmingham na sehemu za jirani, walitoa vibati vya shaba vilivyopigwa chapa ya jina la kilabu au la mwenyewe, pamoja na thamani, mara nyingi peni moja na nusu au peni tatu. Mteja aliyelipa ada ya mchezo kilabuni aliweza kupewa kibati, naye akakirudisha kaunta apate kinywaji.

Simbi ilimwezesha mtu kununua ndizi, chumvi au mbuzi. Kibati kilimrudisha mwenye nacho katika mlango uleule, kwani mwuza unga hakuwa na haja nacho. Ilikuwa ahadi ya mtu mmoja, na malipo yake yalikuwa pombe.

Hatari ya mapato kuishia kilabuni ilitambuliwa hata na Bunge la nchi hiyo. Sheria ya mwaka 1831 iliamuru wafanyakazi wa kazi nyingi walipwe mishahara yao kwa sarafu halali, si kwa bidhaa. Nayo sheria ya mwaka 1883 ikakataza kulipa mishahara ndani ya vilabu vya pombe, maana fedha nyingi zilibaki kaunta kabla ya mke na watoto kuziona.

Ndugu askari, nawe mama wa nyumbani, vibati hivyo leo ni vitu vya kumbukumbu, lakini daftari la mkopo la baa hufanya kazi ileile: mshahara huliwa kabla haujapokewa. Basi mwisho wa mwezi, iwe Kimaka au Mbale, hesabuni pamoja kwanza chakula, karo na akiba. Kama jina lako limo daftarini, lipa deni, kisha ulifute.