Benchi la misumari: Kazi ya kiangazi inayohitaji daftari

PAMBA ikishauzwa na mtama ukiwa ghalani, mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hubaki na miezi kadhaa ya jua isiyo na kazi ya jembe. Wapo wanaofyatua tofali, wapo wanaozunguka minadani, na wapo wanaokaa tu kusubiri mvua za vuli. Mimi kiangazi kimoja nilinunua msumeno na nyundo nikaanza kugongelea mabenchi.

Benchi langu la kwanza lilinunuliwa na mama lishe mmoja. Halikumaliza mwezi. Miguu ilikuwa inacheza, vichwa vya misumari vimechomoza, na mteja wake mmoja alikuwa amechaniwa suruali. Nilimrudishia fedha yake yote. Nilipokaa kupiga hesabu nikagundua jambo la aibu zaidi: hata kama benchi lile lingedumu, nilikuwa nimeliuza kwa hasara. Mchumi kilimo niliyezoea kuwahimiza wakulima waandike gharama, sikuwa nimeandika hata bei ya misumari.

Makala haya yanatokana na makosa hayo mawili: la mbao na la daftari.

Soko lipo

Samani za misumari si za sebuleni kwa tajiri. Ni benchi la mgahawa, meza ya muuza nyanya, stuli ya kinyozi, rafu ya duka, benchi la kanisani. Mnunuzi wake anataka kitu imara, cha bei nafuu, kinachoweza kurekebishwa hapohapo kijijini.

Mwaka 2016 ulionyesha ukubwa wa hitaji hili. Elimu bila ada ilipoanza Januari mwaka huo, watoto walifurika shuleni na upungufu wa madawati ukajitokeza kila mkoa. Rais John Magufuli aliwapa viongozi wa mikoa na wilaya hadi Juni 30 kuumaliza, na Bunge likatoa Sh bilioni 6 zilizobanwa kwenye matumizi yake zitumike kutengeneza madawati. Wenye vifaa na mbao kavu walikuwa na kazi ya kufanya. Asiyejiandaa hakuweza kuanza kukausha mbao siku ya zabuni.

Mbao mbichi ni adui

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao Bariadi ndiyo makao makuu yake, si mkoa wa misitu mikubwa ya kupandwa. Mbao laini za msonobari hutoka mashamba ya miti ya Serikali kama Sao Hill, Mufindi, na Buhindi, mkoani Mwanza, pamoja na kwa wakulima binafsi wa nyanda za juu kusini. Kwa hiyo mkulima wa Sapiwi hulipia pia safari. Mwenye mikaratusi au mijohoro shambani asikimbilie shoka: aulize kwanza ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha. Mbao zikikamatwa njiani, mtaji wote umekwenda.

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Ubao ukianza kukauka husinyaa, tundu la msumari hulegea, na msumari hubaki umeshikilia hewa. Ndiyo maana benchi langu lilicheza.

Dawa yake haina gharama. Panga mbao kivulini, juu ya matofali ili zisiguse ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, vilivyonyooka juu ya vingine, hewa ipite. Weka mawe mazito juu zisipinde. Usizianike juani, zitapasuka vichwa. Ubao wa inchi 1 wa mti laini huhitaji takriban miezi 2 hadi 3 ya kiangazi. Kwa kuupima, chukua kipande, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao uko tayari.

Benchi la futi nne

Vifaa vya kuanzia ni msumeno, nyundo, tepu, skwea, randa, koleo la kung'olea misumari, tupa ya kunolea msumeno na penseli. Hakuna kinachohitaji umeme.

Kwa benchi moja kata vipande hivi: 2 vya 1x6 vyenye urefu wa inchi 47 kwa kukalia, miguu 4 ya 2x3 ya inchi 17, mbao 2 za ubavuni za 1x4 za inchi 40, na vipande 4 vya kukingama vya 1x4 vya inchi 10.

Anza na miguu. Laza miguu miwili sambamba, gongelea kipande kimoja cha kukingama kikiwa sawa na vichwa vya juu, na kingine inchi 4 kutoka chini. Kabla ya kukaza, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Rudia kwa miguu mingine miwili. Simamisha fremu zote mbili, vipande vya kukingama vikitazamana kwa ndani, kisha zifunge kwa mbao za ubavuni. Mwisho weka mbao za kukalia, ukiacha upenyo wa nusu inchi katikati.

Kwenye ubao wa inchi 1 tumia misumari ya inchi 2 na nusu. Kila kiungo kipate angalau misumari miwili, isiyo kwenye mstari mmoja wa nyuzi za ubao, na uipige kwa kuiinamisha kidogo, mmoja huku na mwingine kule. Ubao ukiwa mgumu au ukigongelea karibu na kichwa chake, bapaza kwanza ncha ya msumari kwa nyundo. Ncha kali hupasua nyuzi. Ncha butu huzikata. Tena usitegemee msumari unaozama kwenye kichwa cha mguu, maana hapo msumari hushika kidogo. Mbao za kukalia zigongelewe kwenye mbao za ubavuni na vipande vya kukingama.

Mabaki ya 1x4 yasitupwe. Vipande viwili vya inchi 11, vikikatwa ncha kwa mshazari na kuegemezwa kati ya mguu na ubavu kwa ndani, kimoja kila mwisho, huzuia benchi lisiyumbe. Zamisha vichwa vya misumari, piga msasa, paka vanishi.

Tengeneza sita, si moja

Hapa ndipo faida ilipo. Mbao nyingi huuzwa kwa urefu wa futi 12. Ukitengeneza benchi moja, unanunua ubao mzima wa 1x6 na theluthi yake inabaki. Unanunua 2x3 na karibu nusu inabaki. Ukitengeneza mabenchi 6, unahitaji mbao 4 za 1x6, 3 za 2x3 na 6 za 1x4, na karibu kila inchi inatumika.

Tuchukulie, kwa mfano tu, 1x6 ni Sh 7,000, 2x3 ni Sh 5,000 na 1x4 ni Sh 4,000. Benchi moja peke yake litakufanya ulipe Sh 16,000 za mbao. Mabenchi 6 yatakula Sh 67,000, yaani kama Sh 11,200 kwa kila moja. Msomaji aweke bei za kwao. Hesabu ni ileile.

Tuendelee. Kwa mabenchi 6 ongeza misumari Sh 6,000, msasa na vanishi Sh 17,000, usafiri Sh 6,000. Jumla ni Sh 96,000, au Sh 16,000 kwa benchi. Ukiuza kwa Sh 20,000 utasema umepata faida ya Sh 4,000. Si kweli. Kama kazi ilikuchukua siku 4, na kibarua cha siku ni Sh 10,000, jasho lako ni kama Sh 6,700 kwa benchi. Vifaa vya Sh 180,000 vikidumu miaka 3 kwa mabenchi 60 kwa mwaka, kila benchi limekula Sh 1,000 ya vifaa. Gharama halisi ni kama Sh 23,700. Aliyeuza kwa Sh 20,000 amemlipa mteja Sh 3,700 ili alichukue benchi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kurasa 40 linatosha: ukurasa wa mbao, wa siku za kazi, na wa wadeni.

Tahadhari ya mkopo

Wateja wengi vijijini watakuahidi kulipa pamba ikiuzwa. Bei ya pamba hupanda na kushuka, na malipo huweza kuchelewa. Chukua malipo ya awali yanayofikia walau gharama ya vifaa, ambayo katika mfano wetu ni Sh 16,000. Mteja akitoweka, umepoteza jasho lakini mtaji umebaki.

Mpangilio wa mwaka nao una maana. Ukiuza pamba, tenga sehemu ya fedha ununue mbao mara moja, uzipange kivulini wakati jua lingali kali. Zitakuwa tayari kabla mvua hazijashika, na msimu ujao fedha zikirudi mifukoni mwa watu, wewe utakuwa na mabenchi ya kuuza badala ya mbao mbichi.

Yule mama lishe nilimtengenezea benchi jingine kwa mbao zilizokauka, nikamtoza bei iliyotoka daftarini. Alilalamika kuwa nimepandisha. Kisha akalipa, na baadaye akaagiza la pili.