UZI: Ukiongeza yuniti, karo nayo iongezeke?

1/ Hoja hii hurudi kila mjadala wa elimu ukianza, kwenye runinga na hata ndani ya matatu za Thika Road. Kama kawaida yangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Ni hoja tu.

2/ Mimi nasoma Thika, naishi Ruiru. Muhula huu nilitaka kubeba yuniti moja zaidi nimalize mapema. Nikaambiwa sawa, ila italipiwa kando. Nilikasirika. Halafu nikapiga hesabu.

3/ Karo hutozwa kwa njia mbili: bei moja ya muhula mzima, au bei ya kila yuniti. Kuna pia mchanganyiko: bei moja hadi idadi fulani, ukizidisha unaongeza pesa. Hapo ndipo ugomvi huanza.

4/ Upande mmoja husema: kila yuniti ina gharama yake, hata mhadhiri wa muda mara nyingi hulipwa kwa yuniti. Anayebeba zaidi alipe zaidi. Upande wa pili: mnamwadhibu mwenye bidii!

5/ Tuchukue mfano (namba ni zangu, si za chuo chochote). Shahada ina yuniti 48. Muhula ni sh. 45,000 kwa yuniti 6, yaani 7,500 kila moja. Mihula 8 = 360,000.

Ukibeba 7 bila nyongeza, unamaliza kwa mihula 7 = 315,000.

Ukitozwa 7,500 kwa kila ya ziada, unarudi palepale 360,000. Unachookoa ni kodi ya nyumba na nauli ya muhula mmoja.

6/ Kwa hivyo nyongeza yenyewe si wizi, bei ikiwa ileile. Ikipita hiyo 7,500, hiyo sasa ni faini ya kuharakisha.

7/ Lakini fikiria mtu wa Ruiru anayeshinda kiwandani na kuingia darasani jioni. Anaweza yuniti 3 tu. Akilipishwa bado 45,000, basi mizani inapima upande mmoja. Ukizidisha unaongezewa, ukipunguza hupunguziwi.

8/ Na pesa zitoke wapi? HELB, iliyoanzishwa 1995, hukopesha kwa mwaka wa masomo. Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 nao huangalia uwezo wa familia na gharama ya kozi. Yuniti yako ya ziada haiongezi mkopo. Inatoka mfukoni kwa mzazi. Maana yake, kumaliza mapema ni kwa aliye na pesa mkononi.

9/ Kwa hivyo mtu akija Thika au Ruiru kuahidi karo ya haki, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni matatu:
– Bei ya yuniti ya ziada ni sawa na ya kawaida?
– Anayebeba chache anapunguziwa?
– Mkopo utafuata yuniti?

10/ Yangu mimi nimeiacha hadi muhula ujao. Si kwamba siiwezi darasani. Ni mfuko.

Kwenu wanatoza vipi?